Imeili ya "benki" imeingia? Ikague hivi kabla hujabonyeza kitu

Wabongo kwenye meseji tumeshakomaa. Ile ya "ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja..." siku hizi hata bibi akiipata anampa mjukuu aisome kwa sauti, wanacheka, inafutwa, ugali unaendelea kusongwa. Lakini mchukue mtu huyohuyo mjanja wa meseji, mtumie imeili yenye nembo ya benki, rangi za benki, na kule chini yale maandishi madogomadogo ya kisheria ambayo hakuna anayeyasoma, utaona anavyokaa wima kama kaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Imeili tunaiheshimu sana, nadhani kwa sababu wengi tuliijulia kazini na kwenye maombi ya ajira. Matapeli wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Mi nina steshenari Sinza. Natoa kopi, naprinti, naskani, najazia watu fomu, kwaiyo kutwa nzima watu wananikabidhi simu zao imeili ikiwa wazi, "kaka hebu nitolee hii", na nimeshaziona za benki za kweli na za uongo mpaka nimezizoea kama konda alivyozoea noti zilizochanika.

Ijumaa moja, saa kumi na moja jioni hivi, akaja mama mmoja ana duka la vipodozi mtaa wa pili. Ananipa simu. "Mwanangu niprintie hii haraka, benki wanasema akaunti yangu inafungwa leo." Nikamwambia sawa mama, nitumie. Akaituma kwangu, nikafungua lile faili kwenye kompyuta (hapo na mimi nilikosea, nitaeleza mbele), badala ya karatasi ukaja ukurasa una nembo safi kabisa na viboksi vya kujaza: jina, simu, pasiwedi, namba za kadi, namba ya siri ya kadi. Nikamwambia mama, hii siyo ya kuprinti, hii inataka ujaze. Akasema basi jaza tu mwanangu, andika, na akaanza kunitajia namba yake ya siri kwa sauti, dukani kuna wateja wanne na mmoja wala simjui. Nikamkatisha. Nikamuuliza, kwani mama wewe si unatumia benki ile nyingine ya pale Mwenge? "Eeh, lakini na hii nadhani tuliwahi kufungua, enzi za kikoba."

Nadhani! Yaani mtu yuko tayari kutoa namba ya siri kwa ajili ya akaunti ambayo hana hata uhakika kama ipo. Na mama huyu sio mshamba, anaagiza mzigo kutoka nje, anapiga hesabu kichwani kuliko kalkuleta yangu. Imeili ilimkuta amechoka, Ijumaa, anataka kufunga duka. Ndo maana naandika hii.

Hatua ya 1: toa kidole kwenye skrini

Kabla ya kukagua chochote jiulize maswali mawili ya kijinga tu. Nina akaunti kwenye benki hii? Na benki hii niliwahi kuwapa anwani hii ya imeili? Watu wengi akaunti zao zimeunganishwa na namba ya simu tu, imeili hawakuwahi kuandika kwenye fomu, au waliandika ile ya zamani ambayo pasiwedi wameshasahau. Sasa benki imeipataje hii? Jibu ni kwamba haikuipata, hawa jamaa wanatuma kwa maelfu ya watu kwa mpigo, hawajui nani yuko benki gani, wanategemea katika maelfu hayo wapo watakaoguswa. Ukiona imeili mbili za benki mbili tofauti zinakuambia maneno yaleyale ndani ya wiki moja, usijidhanie una bahati mbaya na mabenki.

Angalia na saa iliyoingia. Sio ushahidi, lakini Ijumaa jioni na wikiendi ni muda wao mzuri, tawi limefungwa, huwezi kukimbia kuuliza, na mpaka Jumatatu wameshamaliza.

Hatua ya 2: jina la mtumaji ni kibao cha daladala

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, manake ukipaelewa hapa mengine yote yanakuwa rahisi.

Imeili ikiingia kwenye simu unachokiona juu ni jina tu, mfano "Benki Yako - Huduma kwa Wateja". Hilo jina mtu yeyote anaweza kujiandikia anavyotaka, hata wewe sasa hivi ukiingia kwenye setingi za imeili yako unaweza kujiita Gavana wa Benki Kuu na itaenda hivohivo. Ni kama kibao cha kioo cha mbele cha daladala, konda akiamua anakigeuza, Kariakoo inakuwa Posta. Ukitaka kujua gari limesajiliwa ruti gani unaangalia ubavuni.

Ubavu wa imeili ni anwani kamili. Kwenye Gmail ya simu, fungua imeili, chini ya jina la mtumaji kuna maneno madogo "to me" na kimshale, bonyeza hapo, anwani yote inatokea. Kwenye kompyuta inaonekana pembeni ya jina, ndani ya zile alama za mabano ya pembe. Sasa soma kile kilichoko baada ya alama ya @. Kabla ya @ usipoteze muda, "huduma", "taarifa", "usalama", hayo ni mapambo.

Ikiwa baada ya @ ni gmail.com au outlook.com, kazi imeisha, benki haiwezi kukuandikia kutoka anwani ya bure kama ya kwangu na yako. Lakini wengi siku hizi hawafanyi kosa hilo, wananunua domeni yao, yaani lile jina la mtandaoni linalokaa baada ya @, na hapo kuna namna ya kusoma: unasoma kutoka kulia kwenda kushoto. Benki za hapa nyingi zinaishia na .co.tz, mfano CRDB ni crdbbank.co.tz, NMB ni nmbbank.co.tz, NBC ni nbc.co.tz. Kwaiyo unaanzia kulia, .co.tz, afu neno linalofuata kushoto kwake, lililoshikana nalo kwa nukta, hilo ndo mwenye nyumba. Yote yanayokuja kushoto zaidi ni vyumba tu, mwenye nyumba anavipa majina anavyojisikia.

Sasa angalia hii, nimetunga jina la benki ili nisimsingizie mtu:

benkiyako.co.tz.hakiki-akaunti.com

Jicho linaona "benkiyako.co.tz" linatulia. Soma kutoka kulia: .com, afu hakiki-akaunti. Mwenye nyumba ni "hakiki-akaunti", sijui nani huyo, na hiyo benkiyako.co.tz ni chumba alichokibandika jina. Ni kama baa imejiita Masaki wakati iko Rangi Tatu, ubao unasema Masaki ila ukitaka kwenda kunywa utashuka Mbagala.

Ujanja mwingine ni wa herufi. Sifuri badala ya o. Moja badala ya l. Herufi r na n zikikaa pamoja, "rn", kwenye skrini ndogo ya simu zinafanana kabisa na m, jaribu kuandika "rnteja" kwa maandishi madogo uone. Na kuna mbaya zaidi, wanachukua herufi za Kirusi, kuna "a" ya Kirusi ambayo kwa macho haina tofauti yoyote na ya kwetu lakini kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Hapo macho hayakusaidii, ndo maana kuna hatua ya 6. Vistari navyo uvitilie shaka, benkiyako-tz.com, benkiyako-usalama.com, hizo ni nyumba tofauti kabisa na benkiyako.co.tz hata kama zimepakwa rangi moja. Na usije ukasema basi yoyote inayoishia .co.tz ni salama, hizo zinauzwa, ukilipia unapewa, hata mimi ninayo ya steshenari.

Hatua ya 3: linki, bonyeza na ushikilie

Kitufe kikubwa cha "Hakiki Akaunti Yako Hapa" ndo mdomo wa mtego. Maneno ya kwenye kitufe na mahali kinapokupeleka ni vitu viwili tofauti, naweza kuandika nmbbank.co.tz kwa rangi ya bluu kabisa, na chini yake nikaficha linki ya kwenda kwangu.

Kwenye simu bonyeza kitufe na ushikilie, usiachie harakaharaka, kinatokea kiboksi kinachoonyesha anwani halisi, isome kutoka kulia kama tulivyosema, ila kwa linki unaanzia kwenye mkwaju (/) wa kwanza unaofuata baada ya jina, yaani kila kilichoko baada ya huo mkwaju hakina maana, wanaweza kuandika /benkiyako/login/salama mpaka wachoke. Afu toka bila kufungua. Kwenye kompyuta ni rahisi zaidi, unaweka mausi juu ya kitufe bila kubonyeza, anwani inatokea chini kushoto kwenye brauza. Wenye kidole kizito wasijaribu hii ya simu kwenye imeili ambayo tayari wana wasiwasi nayo, waende tu hatua ya 6.

Linki iliyofupishwa, zile za bit.ly na wenzake, hesabu kama mtu aliyevaa barakoa usiku. Na QR je, ile picha ya mraba yenye vidoti ya kuskani kwa kamera? Hiyo ni linki tu imebadilishwa sura, na wanaipenda kwa sababu huwezi kuisoma kwa macho na mara nyingi ile mitambo ya kuchuja imeili nayo haioni kilichomo.

Kuhusu kufuli, ile alama ndogo ya pembeni ya anwani kwenye brauza. Watu wengi wanaokuja dukani wananiambia "lakini kaka ina kufuli". Kufuli maana yake ni kwamba unachokiandika hakisomwi njiani kati ya simu yako na ile saiti. Kama saiti yenyewe ni ya tapeli, basi anakipokea kikiwa salama salmini. Kufuli lenyewe linapatikana bure. Google waliona watu wanachanganyikiwa mpaka mwaka 2023 wakaiondoa ile alama ya kufuli kwenye Chrome wakaweka nyingine.

Hatua ya 4: faili lililoambatishwa

Narudi kwa yule mama. Faili lake lilikuwa linaishia .html, na huo ni ukurasa wa wavuti umefungashwa kama kifurushi, ukilifungua linakujengea fomu ya uongo hapohapo kwenye mashine yako. Ukitazama juu kwenye brauza huoni hata domeni ya kuitilia shaka. Kosa langu lilikuwa kulifungua kwenye kompyuta ya dukani ambayo ina vitu vya watu, vyeti, nakala za vitambulisho, mikataba. Safari hii ilikuwa fomu tu, ingekuwa .zip yenye programu ndani au faili la Word linalosema "Enable Content", yaani uliruhusu liendeshe programu iliyofichwa ndani, ningekuwa nimewauza wateja wangu wote. Siku hizi faili la mteja nisilolielewa siligusi, namwambia arudi kwa aliyemtumia amuulize.

Taarifa ya akaunti ya kweli mara nyingi inakuja kama PDF, na mara nyingi imefungwa kwa pasiwedi ambayo benki walishakuambia inapatikanaje. Hapo pana tofauti ndogo ya kuishika: PDF ya kweli inataka pasiwedi ya kufungulia lile faili, basi. Ya uongo inataka pasiwedi ya imeili yako au ya benki yako "ili uweze kuona taarifa". Ukiona hivo funga.

Hatua ya 5: inataka nini, na inakusukuma vipi

Hata kama anwani imekupita, hapa wanajiuza wenyewe. Benki haina haja ya kukuuliza namba ya siri ya kadi, pasiwedi, zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi, wala ile namba ya mara moja inayokuja kwa meseji, ile OTP. Sio kwamba wana adabu, ni kwamba hawazihitaji kwa kazi yoyote halali.

OTP niieleze kidogo kwa sababu watu wanasema "hata wakipata pasiwedi bado kuna OTP". Wanavyofanya ni hivi. Wewe unajaza pasiwedi kwenye ukurasa wao, wao papo hapo, mtu au programu, wanaiingiza kwenye saiti ya kweli ya benki. Benki ya kweli inatuma OTP ya kweli kwenye simu yako. Wewe unaona meseji imetoka benki kweli, unapata imani, na ule ukurasa wa uongo umeshakuwekea kiboksi "weka namba uliyotumiwa". Ukiweka, umewafungulia. Meseji ilikuwa ya kweli, benki ilikuwa ya kweli, cha uongo ni ukurasa wa katikati tu. Kwaiyo kila OTP ikiingia soma maneno yake yote, mara nyingi meseji yenyewe inasema ni ya kufanyia nini, na kama wewe hukuanzisha kitu chochote basi kuna mtu ameanzisha.

Namba ya NIDA nayo wanaipenda. Ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, kwaiyo ukimpa hiyo umempa na majibu ya maswali mengine. Piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, ukikuta laini usiyoijua nenda kwa mtandao husika wakaifute.

Kusukumwa: "ndani ya saa 24", "akaunti itasitishwa", "muamala wa shilingi 1,850,000 umefanyika, kama sio wewe bonyeza hapa". Huo wa mwisho ndo mkali kuliko yote, kwa sababu hata mtu makini anabonyeza akijua anajilinda. Kuna na za neema, umeshinda, umeidhinishiwa mkopo, kuna hela imekwama inakusubiri.

Kuhusu Kiswahili kibovu. Zamani ilikuwa rahisi, "Mpendwa mteja wa thamani tunajutia kukujulisha", unajua hii imepita kwenye mashine ya kutafsiri. Saivi wanatumia akili bandia, Kiswahili kinatoka kimenyooka kuliko cha barua za serikali ya mtaa wetu. Kwaiyo kikiwa kibovu ni dalili, kikiwa kizuri sio dalili ya chochote. Hivohivo na jina lako, ikikuita kwa jina kamili usilegee, majina na namba zetu zimetapakaa kila mahali, tunaziandika kwenye madaftari ya walinzi kila geti tunaloingia.

Hatua ya 6: ingia benki kwa mlango wako mwenyewe

Hii ukiishika, zile tano nyingine ni za kukuongezea tu.

Imeili imesema kuna tatizo kwenye akaunti. Sawa, inawezekana ni kweli. Ifunge. Fungua apu ya benki uliyoiweka mwenyewe kwenye simu, au piga menyu ya benki kwa ile namba ya nyota unayoitumia siku zote, uangalie salio na miamala. Kama kuna tatizo utalikuta ndani. Au piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako. Au kama uko Posta au Kariakoo matawi yamejaa kila kona, ingia uulize, foleni ni foleni tu utatoka.

Usipige namba iliyoko kwenye imeili, atapokea yuleyule kwa sauti tamu na muziki wa kusubiria. Na usitafute "namba ya kastama kea ya benki fulani" ukachukua ya kwanza unayoiona, wala usilalamike hadharani kwenye mitandao ya kijamii ukitaja benki yako, ndani ya dakika kuna akaunti yenye nembo inakuja inboksi, "Habari mpendwa, tutumie namba yako ya simu tukusaidie". Nimemuona kijana wa bodaboda pale kituoni kwetu akiingia kwenye hiyo, alikuwa na tatizo dogo la kweli na ATM, akaishia na tatizo kubwa.

Kama unatumia ile programu ya kutunza pasiwedi, hata hii iliyomo ndani ya Chrome, kuna zawadi humo. Inajaza pasiwedi kwenye domeni ileile tu uliyoihifadhia. Ukifika kwenye ukurasa wa "benki" ikakataa kujaza, usiichape kwa mkono ukidhani imeharibika. Yenyewe haidanganywi na "a" ya Kirusi.

Mi mwenyewe nimeshafuta imeili ya kweli ya benki nikidhani ni ya matapeli, ilikuwa inanikumbusha kadi inaisha muda. Kadi ikagoma sheli, nikaaibika kidogo, nikaenda tawini nikapewa nyingine. Hasara yake ilikuwa foleni na nauli.

Kwa wenye kompyuta na muda

Gmail ya kwenye kompyuta, ukifungua imeili kuna vidoti vitatu juu kulia, ndani yake kuna "Show original". Utaona mistari mitatu, SPF, DKIM na DMARC, hivyo ni vipimo vya kuhakiki domeni ya mtumaji, na mbele yake PASS (imepita) au FAIL (imefeli). Ikiwa imeandikwa FAIL na inajidai ni benki, achana nayo. Lakini PASS usiishangilie, maana yake ni kwamba imeili imetoka kweli kwenye domeni inayosema imetoka, na tapeli mwenye domeni yake aliyoinunua anapata PASS zote tatu bila shida. Hapohapo kwenye vidoti kuna "Report phishing", ibonyeze, inawasaidia na wengine.

Wafanyabiashara wa mzigo, yenu iko tofauti kidogo

Hii niliipata kwa mteja wangu wa Kariakoo anayeleta spea. Anaandikiana na saplaya wa China miezi, siku ya kulipa inakuja imeili ndani ya mazungumzo yaleyale: benki yetu iko kwenye ukaguzi, lipia akaunti hii mpya, ankara imebadilishwa imeambatishwa. Maneno yaleyale, jina lilelile. Kilichobadilika ni herufi moja kwenye domeni. Bahati nzuri aliniletea niprinti na nikaona akaunti iko nchi nyingine kabisa. Ukiona akaunti ya malipo imebadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, uongee na mtu unayemjua sauti, kabla hujatuma hata senti.

Umeshabonyeza? Sikiliza

Kama umefungua imeili tu ukaisoma, pumua, mara nyingi hakuna kilichotokea. Kama umebonyeza linki ukaona ukurasa ukatoka bila kujaza na bila kushusha faili, funga, endelea kuiangalia akaunti.

Kama umejaza, hapo ni mbio, na mpangilio una maana. Simu benki kwanza, namba ya nyuma ya kadi, sema "nimetoa taarifa zangu kwa matapeli, naomba mzuie kadi na huduma ya mtandao sasa hivi". Usianze kumsimulia shemeji. Afu badilisha pasiwedi ya benki, ukitumia kifaa kingine kama ulishusha faili. Afu ya imeili, hasa kama zilikuwa zinafanana, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Laini ya simu ikipoteza mtandao ghafla wakati wa jirani yako upo, nenda haraka kwa mtandao wako, inawezekana kuna mtu amehamisha namba yako kwenye laini nyingine.

Kwenye imeili kuna kitu mimi kilinipiga. Niliwahi kujaza pasiwedi yangu kwenye ukurasa wa "imeili yako imejaa, ongeza nafasi", ndiyo, mimi ninayewafundisha watu. Nikabadilisha pasiwedi nikajua nimemaliza. Wiki mbili baadaye wateja wangu bado wanapata ankara za ajabu zinazotaja kazi tulizozungumza jana yake. Kumbe jamaa walishaingia kwenye setingi wakaweka kila imeili inayoingia kwangu iende na kwao nakala, na hiyo kubadilisha pasiwedi haiiondoi. Kwaiyo ingia kwenye setingi, tafuta sehemu ya forwading (ya kupeleka nakala kwingine) na ya filta (ya kupanga imeili zinazoingia), futa usichokijua, angalia pia vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako uvitoe vyote.

Imeili yenyewe usiifute, ni ushahidi, piga skrinshoti ikiwa na anwani ya mtumaji, tunza na meseji za miamala. Kama hela imetoka nenda kituo cha polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa yako, benki watakuuliza, na kosa lenyewe liko ndani ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kama kuna namba ya simu ilikupigia au kukutumia meseji katika sakata hilo, ipeleke kwa meseji kwenda 15040, ndo namba iliyowekwa kwa kuripoti namba za matapeli.

Afu siku mbili tatu baadaye utaona mtu anakutafuta, anasema yeye ni wa kitengo cha kurudisha hela zilizoibiwa mtandaoni, faili lako liko mezani kwake, lakini kuna elfu hamsini ya kulifungulia. Huyo amekupataje? Jina lako lilishaandikwa kwenye orodha ya waliowahi kutoa, na huenda ni haohao wamerudi kukusanya chenji.